Chumba Kimoja Ashgrove

Jumatatu, 14 Julai 2025

Ukungu hadi saa tatu. Vidole vimeganda. Barua pepe kutoka Glasgow imeingia saa nne kasorobo, nikaisoma nikiwa nimesimama, kama mtu anayesomewa hukumu.

Mimi na Kipyegon tunaondoka Septemba. Miaka miwili ya masomo ya utunzaji wa kumbukumbu. Idara imetupa ruhusa, na Madam Jeruto, mkuu wetu, ametia sahihi. Hayo nilikuwa nimeshayaogopa vya kutosha. Jipya ni makazi. Chuo kina nafasi za aina mbili. Mtaa wa Ashgrove: chumba cha mtu mmoja, kimebaki kimoja tu. Mtaa wa Ferrybank: nyumba ya vyumba viwili, watu wawili. Tukubaliane wenyewe nani ataishi wapi, tujibu kabla ya Ijumaa saa sita mchana. Tukinyamaza, chumba cha Ashgrove kitapewa mwingine.

Saa ya chakula nimeitembea mitaa yote miwili kwa ramani ya simu. Ashgrove iko mlimani. Miti pande zote, maktaba kwenye kona, chuo mwendo wa dakika saba. Milimani yetu kabisa, mtaa wa wenye nafasi hapa Nakuru. Ferrybank iko chini kando ya mto. Nyumba za matofali zimeshikana ukuta kwa ukuta, kamba za nguo nyuma. Mtaa huo naujua. Nimeishi humo miaka ishirini na sita, na unaitwa Bondeni. Babu alikuja Nakuru kufanya kazi ya reli, akapewa chumba, na tangu hapo ukoo wetu haujatoka chumbani. Jirani akipiga chafya, sisi ndio tunaomwambia pole.

Nataka mlango wangu. Niandike sababu, kwa kuwa daftari hili nalifungia kwenye droo: napiga kelele usingizini. Tangu Baba afariki, nikiwa na miaka kumi na minne. Kaka zangu walikuwa wakinirushia ndara. Nje ya nyumba yetu hakuna anayejua. Kipyegon asijue kamwe.

Tunakaa naye masjala moja, meza zimetazamana. Barua ikiingia kutoka nje, mmoja wetu anaipiga muhuri wa kupokelewa, anaipa namba, anaitia kwenye faili. Barua sitini kwa siku. Yeye ni mtu wa Njoro, kwao wanalima ngano. Mabega mapana. Anaamka saa kumi na nusu alfajiri kukimbia, na anapiga mluzi akifanya kazi. Leo ameniletea chai na mandazi mawili, akaniuliza nimeionaje barua ya makazi. Nikasema sijaisoma. Ilikuwa wazi kwenye kompyuta yangu, herufi kubwa. Akaitazama, akanitazama, akaniambia nile mandazi kabla hayajapoa.

Ningeweza kumwomba tu aniachie Ashgrove. Lakini angeuliza kwa nini.

Mpango: Kipyegon aichukie Ashgrove mwenyewe, kwa hiari yake.

Jumanne, 15 Julai

Nimeanza kwa mdomo. Nikamwambia, kana kwamba ni habari tu, kwamba nasikia Ashgrove ina mlima mkali. Akafurahi. Akasema miguu yake ingelala kwenye tambarare. Nikasema huko juu baridi ni mbaya. Akaniuliza kama nimewahi kukama ng'ombe Molo mwezi wa saba. Nikasema kuna makaburi ya zamani karibu. Akasema hao ni majirani wazuri, hawagongi mlango kuomba chumvi.

Kosa langu lilikuwa kutumia mdomo. Katika ofisi yetu neno la mdomo halina uzito. Mtu anaweza kubisha nami, Obura. Hakuna anayebisha na faili.

Kwa hiyo baada ya chakula, Kipyegon akiwa ameenda benki, nimeandika ripoti. Ukurasa mmoja na nusu. Kichwa: Hali ya Makazi, Mtaa wa Ashgrove. Nimeeleza kuwa barafu hufunika mlima kuanzia Oktoba, na kwamba mwanafunzi mmoja aliteleza kutoka dukani hadi kituo cha basi akiwa bado ameshika mkate. Kwamba mbweha huingia jikoni. Kwamba mabomba ya maji hulia usiku kucha kama mtu aliyefiwa. Kwamba wakazi hawasalimiani. Hilo la mwisho niliona litamuuma zaidi, maana Kipyegon husalimia hata magari. Mwisho nikaweka: Mkazi wa Zamani.

Nilijisikia vibaya kwenye mbweha. Nikawaacha humo humo.

Nikaichapisha, nikaitoboa, nikaifungia kwenye faili mpya ya rangi ya kaki, nikaandika namba ya folio, yaani ya karatasi hiyo, kwenye kona. Nadhifu sana. Nia yangu ilikuwa kuiacha mezani kwake kesho asubuhi, kana kwamba chuo kimetutumia.

Sasa ni saa moja jioni. Nilikuwa nanawa mikono nile ugali, Mama amenishikia birika, ndipo nikakumbuka mikono hiyo ilifanya nini saa kumi na moja. Ilifanya inachofanya kila siku kwa miaka minne. Iliandika dokezo la kwanza ndani ya jalada: "Kwa maofisa wote. Tafadhali someni na mtoe maoni." Kisha ikaiweka faili kwenye trei ya kutoka.

Mama ameniuliza kama maji yamenichoma. Nimesema ndiyo. Yalikuwa baridi.

Jumatano, 16 Julai

Nimefika saa moja kamili. Trei tupu.

Nakhumicha, tarishi wetu, hufika saa kumi na mbili na nusu. Yeye ndiye anayezungusha faili ofisi hadi ofisi, na hajapoteza hata moja tangu nizaliwe. Nimemkuta ngazini, nikamwomba ile faili mpya ya kaki, nimesahau kitu ndani. Akanigeuza kwa bega, akanielekeza kwenye mlango wa masjala. Kuna tangazo pale: FAILI ILIYOTOKA HAIRUDI HADI IMALIZE SAFARI YAKE. Mwandiko ni wangu. Nililiandika mwaka jana, na nilipigiwa makofi.

"Wewe ndiye ulinifunza hiyo sheria, papa," akasema; vijana wote wa ofisi ni papa kwake. "Mimi zamani nilikuwa naziachilia tu mtu akiomba."

Nimeifuata. Saa tatu ilikuwa kwa Mbugua wa ununuzi. Nikaingia kujifanya natafuta stepla. Alikuwa ameisoma yote na sasa anaisoma tena, miwani kwenye paji la uso. Akaniambia nikae. Akasema yeye alijua, watu wa ng'ambo hukuonyesha picha ya nyumba wakati wa jua. Akasema hata binamu yake alifukuzwa na mbweha. Nikauliza binamu anaishi Ashgrove? Anaishi Texas, akasema, lakini mnyama ni mnyama, kijana. Halafu akaandika dokezo refu kwa kalamu ya bluu, akiuliza kwa nini chuo kimetoa mitaa miwili tu, wakati utaratibu wa ununuzi unataka mitatu.

Saa sita imekuwa kwa uhasibu. Saa nane kwa usafiri, ambako dereva ambaye hajawahi kupita Mai Mahiu ameandika kuwa barabara za Ashgrove ni hatari na akapendekeza minyororo ya magurudumu. Kila mtu ana maoni. Miaka minne nazungusha faili za maana, zinarudi na neno moja: "Imeonekana." Hii inarudi na kurasa tatu.

Jioni nimeiona kwa mbali mezani kwa katibu wa Madam, imenenepa. Kwa dakika moja nimesimama pale nikaiogopa Ashgrove mimi mwenyewe.

Bado haijamfikia Kipyegon. Ameniuliza tena tuandikie chuo nini. Nimesema tuwe na subira. Amesema sawa, omera, wewe ndiwe mwenye kichwa. Hiyo "omera", yaani ndugu yangu kwa Kijaluo, amefunzwa na Mama yangu, na anaitamka vibaya kwa upendo mwingi. Nimeinama kutafuta kalamu iliyokuwa mkononi mwangu.

Alhamisi, 17 Julai

Madam Jeruto ametuita wote wawili saa nne. Faili iko mbele yake. Amevaa lile koti la kijivu la siku za kufukuza watu. Nikaanza kuhesabu vigae vya sakafu.

Amesema katika miaka yake yote ya kazi hajaona karani aliyefungua faili ya kulinda maisha ya mwenzake bila kuagizwa. Amesema anajua ni mimi, mwandiko wa jalada anaujua. Akataka kumjua huyu Mkazi wa Zamani amwandikie barua ya shukrani. Nikasema anapenda kujificha. Sauti ilitoka nyembamba, kama ya mtu aliye chini ya kitanda. Madam akasema watu wema ndivyo walivyo.

Kisha akasoma dokezo lake, wino mwekundu. "Hakuna afisa wa idara hii atakayeishi Ashgrove. Wote wawili Ferrybank. Kipyegon aandikie chuo."

Wino mwekundu wa Madam haujawahi kufutwa, isipokuwa na Madam.

Tumetoka. Kwenye korido Kipyegon amenishika mkono, akanipeleka dirishani panapoonekana ukingo wa kreta ya Menengai. Akaniambia pole. Akaniambia barua yake alikuwa ameshaiandika tangu Jumatatu jioni, imekaa tu kwenye rasimu akingoja neno langu. Ndani yake alikuwa ameomba Obura apewe chumba cha Ashgrove, na yeye aende Ferrybank na yeyote watakayempa.

Tangu Jumatatu. Kabla ya barafu, kabla ya mkate, kabla ya mbweha.

Nikamuuliza kwa nini. Akasema, "Wewe ni mtu wa utulivu, na mimi hata nikilala napiga mluzi." Akacheka. Mimi nikatoa sauti fulani.

Halafu akasema jambo ninaloliandika hapa neno kwa neno, kwa sababu lilikuwa la ajabu kidogo. Amesema atatuma barua mpya kesho, saa sita kasoro dakika tano. "Sitaituma mapema. Kama una la kusema, Obura, nitakuwa pale mezani."

La kusema ninalo. Nikilisema, Ashgrove ni yangu, mlango ni wangu. Lakini nikilisema, mimi ni karani aliyeingiza uongo kwenye faili ya idara, na wino ule mwekundu utafuta Ashgrove na Glasgow na labda hata meza. Nimekosa hamu ya chakula. Nimekula, lakini bila hamu.

Ijumaa, 18 Julai

Saa mbili. Nimeandika ungamo la mistari minne kwenye karatasi ya rasimu.

Saa tatu. Mistari kumi na moja. Nimeongeza historia ya familia.

Saa nne. Nimepanda ngazi hadi mlango wa Madam. Mlango uko wazi. Akaniona, akaniambia niingie, kuna mgeni kutoka makao makuu anataka kuona mfano wa karani mwenye moyo. Mgeni akanishika mkono kwa mikono miwili. Nikamshukuru. Nikashuka. Ungamo lilikuwa kwenye mfuko wa ndani, upande wa moyo, na lilikwaruza kila ngazi.

Saa tano na nusu. Kipyegon yuko mezani kwake. Hapigi mluzi. Siku zote hupiga.

Saa sita kasoro dakika kumi. Ameinua kichwa akanitazama. Si kwa ubaya. Kama mtu anayemngoja mwenziwe amalize kufunga kamba za viatu. Nimechukua penseli, nikaichonga. Nikachukua nyingine. Tuna penseli tisa masjala na hatuzitumii tangu tupate kompyuta.

Saa sita kasoro dakika tano amesubiri dakika moja zaidi. Niliiona kwenye saa ya ukutani. Kisha akabonyeza.

Akasimama, akapangusa maganda ya penseli kutoka mezani kwangu kwa kiganja chake, akauliza kama nakuja kula.

Chuo kimejibu saa nane. Ferrybank, watu wawili, karibuni sana. Chumba cha Ashgrove amepewa mtu wa Peru. Mungu amjalie usingizi mwema.

Jumamosi, 19 Julai

Kipyegon amekuja Bondeni na maziwa. Huja nayo Jumamosi moja moja kutoka Njoro, lita tano kwenye mtungi wa plastiki, na Mama humpokea kama yeye ndiye mtoto na mimi ndimi mleta maziwa. Nilijaribu kutoka kwenda kunyolewa. Mama akasema nywele zangu hazina shida, kaa na mwenzako.

Wakawa wanazungumza juu yangu nikiwepo. Mama akamwambia Kipyegon amefurahi tutakaa nyumba moja, sasa hata Obura akianza kelele zake kutakuwa na mtu. Nikaweka kikombe chini. Nikauliza kelele gani. Mama akaniambia niache ujinga, Kipyegon anajua tangu Pasaka, yeye Mama ndiye aliyemwambia. Angefanyaje? Mtoto anaenda mbali na hana mtu.

Tangu Pasaka.

"Ndiyo maana nilitaka upate kile chumba cha peke yako, omera," Kipyegon akasema akitazama maziwa. "Najua unaona haya. Lakini kwetu tulilala ndugu sita, na ukuta wa pili ni ng'ombe. Mimi siamshwi na mtu."

Mama akaenda jikoni. Nadhani alienda makusudi. Nikafungua mdomo niseme la faili. Kipyegon akaniwahi, kwa sauti ya chini, ya kazini.

"Folio ya kwanza haina muhuri wa kupokelewa."

Sikuelewa mara moja. Akaeleza polepole. Kila karatasi inayoingia kutoka nje tunaipiga muhuri, mimi au yeye. Ile ripoti haikuwa nao. Karatasi isiyo na muhuri haikutoka nje. Imezaliwa masjala. Na masjala tuko wawili.

Madam hakuona, Mbugua hakuona. Wao hawapigi mihuri. Yeye aliona Alhamisi asubuhi, alipofungua tu jalada mezani kwa katibu wa Madam, kabla hata ya kusoma. Ndipo akaamua kungoja hadi dakika ya mwisho, niseme mwenyewe. Angenisindikiza kwa Madam. Angesema tulikuwa tunatania.

"Ungeniomba tu," akasema. "Ningekuuliza kwa nini, ungeniambia uongo, ningekubali. Ingeisha."

Nimetaka sakafu ya babu yangu ifunguke. Ni ya saruji ya reli, haifunguki. Nikasema pole, mara tatu. Akanipiga begani kidogo, akaniuliza kama mwanafunzi yule aliufikisha mkate nyumbani. Tulicheka hadi Mama akarudi kuuliza nini. Mimi nilicheka huku nimefunika uso.

Baada ya kumsindikiza hadi stendi nimeapa. Kwa maandishi, ndiyo haya. Sitamfanyia Kipyegon hila nyingine maisha yangu yote. Nikitaka kitu nitaomba. Nimejifunza.

Jumatatu, 21 Julai

Ukungu. Barua pepe ya chuo, saa tatu na robo. Ramani ya nyumba yetu ya Ferrybank. Chumba A: dirisha kubwa, linaangalia mto. Chumba B: nyuma ya jiko, dirisha la ukubwa wa bahasha, linaangalia mapipa ya taka. Tuwaambie kabla ya Ijumaa nani anachukua kipi.

Nikakumbuka kiapo. Nikamgeukia Kipyegon nimwombe, kama mtu mzima. Kabla sijasema akaniambia, "Chagua wewe, omera. Kitakachobaki ni changu."

Akaondoka kwenda benki, akipiga mluzi.

Nimekaa na maneno hayo dakika arobaini. Chagua wewe. Mtu hasemi hivyo bure. Nikichagua A, nitakuwa mtu aliyechukua dirisha baada ya kusamehewa, na kila asubuhi kwa miaka miwili atatoka nyuma ya jiko akiniambia habari za asubuhi. Sitaweza. Nikichagua B, nitakuwa nyuma ya jiko. Hilo pia sitaweza. Ingekuwa vizuri kwa wote kama yeye mwenyewe, kwa hiari yake, angekiona kile chumba cha mto kina kasoro. Hiyo si hila. Huko ni kumpunguzia mzigo wa kuchagua.

Ukurasa mmoja tu. Kichwa: Unyevu wa Mto na Afya ya Kifua, Chumba A. Sijaweka mnyama yeyote. Mwisho nimeandika: Mpangaji Aliyetangulia. Faili mpya ya kaki, dokezo la kwanza, folio kwenye kona.

Na safari hii nimekumbuka muhuri. IMEPOKELEWA, 21 JULAI 2025. Umekaa wima, wino umekolea, nadhifu kuliko barua halisi. Hakuna atakayeona kitu.

Nimeiweka kwenye trei ya kutoka ikauke. Naenda kunywa chai.